Usiku Mdogo Wako Alipotumbukia Jangwani

Nyumba ya juu ya duka la picha,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumapili asubuhi, mwezi wa pili.

Mpendwa Wifi,

Nakusalimu kwa mapenzi ya wifi kwa wifi, yaani yale yasiyokosa utani. Hujambo? Shemeji hajambo? Wale pacha wako bado wanagombania kitanda cha dirishani? Na mgongo wako je, ule uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia cherehani kutwa nzima? Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, tafuta kiti kwanza.

Sisi tuko hai. Naanza na hilo ili usije ukaruka mistari kulitafuta. Mdogo wako yuko hai, anakula, na analalamika kwamba chumvi haijakolea. Mama naye mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua kwa kupanda ngazi. Mimi nakuandikia nimelala ubavu, karatasi nimeiweka juu ya sinia, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani wifi yako ameanza kulewa.

Najua Mama alikupigia simu akakwambia mdogo wako "aliteleza kidogo kazini." Hakuteleza, Wifi. Alitumbukia. Ningekupigia nikueleze mwenyewe, lakini kila nikianza kuyasema kwa mdomo sauti inakatika. Kwa kalamu naweza kusimama katikati, nikavuta pumzi, nikaendelea.

Swali lako la kwanza nalijua: tulikuwa tunatafuta nini jangwani usiku? Ni kazi. Duka letu bado linapiga picha za pasipoti na za maharusi kama zamani, lakini tangu mwaka jana mdogo wako amenogewa na nyota. Kampuni moja ya kuchapa kalenda iliziona picha zake ikaagiza za mwaka mzima. Sasa, ukipiga nyota peke yake chini panakuwa peusi kabisa, kama mtu aliyekatwa miguu. Lazima na miamba uipe mwanga, ila mwanga mdogo sana, vinginevyo unaziua nyota. Kwa hiyo tunasimamisha taa mbili mbali kidogo, huku na huku, na tunazivika karatasi ya rangi ya chungwa ili jiwe lisionekane kama ukuta wa hospitali. Kamera inaachwa jicho wazi, inakusanya mwanga pole pole. Mahali taa hazifiki, mdogo wako huingia mwenyewe na taa ya mkononi, akajificha nyuma ya mwamba na kuupaka mwanga kama mtu anayepaka chokaa. Mimi hukaa na kamera na kumwelekeza kwa redio ya mkononi: ongeza, punguza, kichwa chako kinaonekana.

Kazi nzuri, sikatai. Lakini niliiogopa tangu siku ya kwanza. Giza la kule si kama la umeme kukatika. Huku umeme ukikatika unasikia majirani wananung'unika, mtoto analia, mtu anagonga meza kwa goti, unajua dunia bado ipo. Kule unanyoosha mkono, huuoni, na unaanza kuwa na mashaka kama ni wako. Na taa ndiyo inazidisha. Ukiiwasha, wewe unaonekana na kila kilichoko huko nje, na wewe huoni zaidi ya pale inapofika. Nilimwambia mdogo wako hivyo zaidi ya mara moja. Alikuwa ananicheka tu.

"Mke wangu, nani atakuja huku kukutazama? Nge?"

Usiku wenyewe haukuwa na mwezi, na ndivyo tunavyotaka. Tulikuwa mbele ya miamba miwili mikubwa. Mmoja tuliuita Jino, ulikuwa upande wa kulia, na mwingine Kiti, upande wa kushoto. Upepo ulikuwa umetulia. Picha za kwanza zilitoka vizuri mpaka mdogo wako akapiga mluzi. Kisha akasema anataka mwanga kidogo nyuma ya Jino, akachukua taa yake akaenda.

Niliiona taa ikienda ikicheza-cheza kwa mwendo wake, nikaifungua kamera. Kwenye redio alikuwa ananiimbia makusudi, sauti yake ile ya chura, kwa kuwa anajua inaniudhi. Wimbo ukakatika. Wala haukukatikia mwisho wa ubeti, Wifi. Ulikatikia katikati ya neno.

Nilitazama, sikuona taa yake. Nikaita kwenye redio. Kimya. Nikasema, "Acha mchezo, mimi si mtoto mwenzako." Nikaita tena kwa jina lake lote, lile analoitwa na Mama akikasirika. Hapo nikaiweka redio chini, nikasimama kusikiliza.

Halafu nikasikia sauti. Ndogo, ya mtu anayeguna. Ilitoka kushoto, kwenye Kiti, tena waziwazi, sikuwa na shaka hata kidogo. Nikaanza kukimbilia huko. Sijafika mbali nikasikia nyuma yangu kamera ikifunga jicho na kile kioo chake kidogo kikawaka. Nadhani ni mazoea tu yaliyonigeuza, maana nimezoea kukagua kila picha inapotoka. Nikarudi nikatazama.

Nyota zilikuwepo, na Jino lilikuwepo. Na chini ya Jino, upande wa kulia, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, ndipo taa ya mdogo wako ilipopita. Ulikwenda vizuri, unapanda na kushuka kidogo kwa hatua zake, ukafika kwenye pembe ya mwamba. Pale ukaelekea chini moja kwa moja, ukaisha. Kwenye Kiti hapakuwa na alama yoyote ya mwanga.

Nisikie sikio au nifuate picha? Sijui nilisimama kwa muda gani. Sauti ikaguna tena, kushoto vilevile, na miguu yangu yote ilitaka kwenda huko. Lakini nilijiambia kwamba taa haikufika kule, na mtu hawezi kuwa mahali ambapo taa yake haikufika. Nikaenda kulia. (Baadaye tulielewa kwamba sauti yake ilikuwa inatoka shimoni, inagonga ule mwamba wa pili, ndipo inanijia.)

Taa mbili niliziacha zinawaka ili nijue pa kurudi. Nilichukua stendi moja tupu, nikawa nachoma-choma nayo ardhi mbele yangu kama kipofu, tochi nimeibana kwapani. Nilipokaribia ile pembe, vumbi lilikuwa bado linaelea hewani. Kisha stendi ikazama. Palikuwa na mbao zilizooza, zimefunikwa mchanga, na katikati yake tundu. Ni shimo la wachimbaji wa zamani, hatukuwa na habari nalo. Nikalala kifudifudi nikajikokota, nikamulika.

Alikuwa chini kabisa, kama anayetazamwa kutoka dirisha la ghorofa, amekaa na mguu mmoja umegeukia kusikogeukiwa. Uso wote vumbi, macho mawili tu yanang'aa.

"Usisogee!" akapiga kelele. "Ukingo unamomonyoka. Rudi nyuma!"

"Umeumia?"

"Mguu. Na hapa ubavuni." Akavuta pumzi kwa shida. "Kamera umeifunga?"

Wifi, kama ningemfikia ningemzaba kofi.

Kamba tulikuwa nayo nyuma ya gari. Nikaileta, nikamtupia, akajifunga, nikavuta. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Hakupanda hata kidogo, na yeye alilia kwa maumivu, kilio ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwake, nikaacha. Gari lilikuwepo, funguo zilikuwepo, ila dereva ndiye aliyekuwa shimoni. Mimi kuendesha sijui. Simu kule haishiki mtandao. Barabara ya malori ilikuwa mbali, unaiona tu kama lori likipita, taa zake ndogo kama kiberiti. Akaniambia niende kwa miguu. Nikakataa. Niliogopa kumwacha, na niliogopa zaidi kwamba nikienda sitaweza kulipata tena lile shimo.

Nikazifuata taa zetu. Nikazichania karatasi zake za rangi, nikazipandisha mwanga mpaka mwisho. Moja nikaielekeza kwenye Jino lote, mwamba ukawaka kuanzia chini hadi juu. Nyingine nikaishika mkononi, nikawa naiinua na kuishusha kuelekea barabarani. Nilijua kwamba kwa mwanga ule betri hazitafika asubuhi. Lori moja likapita, halikusimama. Baada ya muda mrefu likapita jingine. Nalo hivyohivyo.

Baridi ilikuwa imeshuka. Nikamtupia koti langu. Nikawa namsemesha kila mara, naye anajibu, kisha majibu yakaanza kuwa mafupi, kisha yakaanza kupotea njia. Alikuita wewe. Aliniambia nimwachie nafasi, Dada yuko mlangoni, anakuja kumvua viatu. Nilipomuuliza dada yupi, akasema, "Nina dada wangapi?" kwa hasira kabisa, kama mtoto wa miaka sita. Halafu akasema ana usingizi, acha alale kidogo tu.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilikuwa na habari niliyomficha, Wifi, nikisubiri nipate uhakika kwanza, kwa sababu yale ya mwaka juzi unayajua na sikutaka tufurahi tena bure. Niliinamia lile tundu nikapiga kelele:

"Nina mimba! Unanisikia? Ukilala humo ndani nitakufuata hukohuko na tumbo langu hili nije nikupige!"

Kimya. Nikadhani nimechelewa. Kisha sauti ikaja, taratibu.

"Sema tena."

"Nina mimba."

"Tena."

Tukafanya hivyo, yeye anasema tena, mimi nasema, naye akianza kusinzia mimi naanza upya. Nimelitamka neno hilo usiku ule kuliko wanawake wa mtaa mzima wakiwekwa pamoja.

Taa iliyomulika mwamba ikafifia, ikazima. Ikabaki ya mkononi. Giza lilivyorudi upande ule nilihisi kama mtu amenisogelea mgongoni. Na wakati huohuo nikaona taa mbili barabarani zimesimama. Zikageuka. Zikaanza kuja kwetu, pole pole, zikiyumba kwenye mawe.

Nikamwambia mdogo wako. Badala ya kufurahi akazinduka kabisa, akawa mkali. "Zima taa! Zima, ulale chini!" Mwezi uliopita watu waliporwa gari njia ileile, na mmoja hakupatikana tena. Alisema afadhali abaki shimoni mpaka asubuhi kuliko mimi kukutwa peke yangu na watu asiowajua, naye amelala chini hana la kufanya. Alinisihi, Wifi. Alinisihi kwa mtoto.

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi. Nilikuwa naogopa, sikujifanya shujaa. Lakini nilimtazama mle shimoni nikaona asubuhi haitamkuta. Sikuizima. Nikaiinua juu zaidi.

Lori likasimama mbali. Injini ikazimwa. Hakushuka mtu. Kisha honi ikalia, ndefu, nikaruka nusura na mimi niingie shimoni. Sauti nene ya mwanamume ikapaza:

"Nyinyi huko! Ni watu au si watu?"

"Watu!" nikajibu. "Mume wangu ametumbukia shimoni! Tusaidie!"

"Hata jini angejibu hivyohivyo!"

Nikaanza kulia kwa sauti. Nikamwambia mimi ni mpiga picha, nina duka nyuma ya soko, njoo unione miguu. Nikamsikia anasoma dua huku anakuja, anamulika chini kwanza, miguuni mwangu, ndipo akapandisha tochi usoni. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye kitambi, naye anatetemeka kama mimi. Madereva wenzake wanamwita Honi, na nimeshakueleza kwa nini. Aliuona mwamba unawaka peke yake katikati ya jangwa, akapita, na dhamiri ikamkatalia kwenda, akarudi. Lile lori la pili ndilo lake.

Honi alipata mbao imara kwenye mzigo wake, akazilaza ukingoni. Kamba akaifunga kwenye gari letu, akaliendesha nyuma inchi kwa inchi, mimi nimelala juu ya mbao namwelekeza kwa kelele. Mdogo wako alipotoka kichwa chake kilikuwa cheupe kwa vumbi kama mzee. Alinishika kifundo cha mkono hakukiachia hadi hospitali, mpaka muuguzi akamwomba.

Mguu umevunjika mahali pawili, na mbavu zimepata nyufa. Watampa magongo ya kutembelea plasta ikitoka. Daktari wa mifupa anasema atatembea, ila asitarajie kucheza mpira, na mimi nikasema hata kabla hakuwa anaujua.

Sasa kuhusu mimi. Nilianza kuhisi maumivu ya tumbo tukiwa bado ndani ya lori. Sikumwambia mtu, nikakaza meno nikatazama barabara. Hospitali nikaona damu, kidogo. Daktari akaniamuru kitandani, nisinyanyue hata sufuria. Kwa hiyo tumelala wawili, kitanda kimoja, yeye mguu juu ya mto, mimi ubavu, kama samaki kwenye kikaango. Mama tulimwambia nimeteguka mgongo kwa kuvuta kamba. Tulihofia moyo wake, baada ya alivyolia mwaka juzi.

Usiku hatulali vizuri. Mdogo wako anashtuka, anasema mbao zimekatika. Mimi ndoto yangu ni nyingine: naota nimezima ile taa, na lori linageuka linaondoka.

Tena kuna jambo la ajabu. Kabla sijamzuia, fundi wetu wa duka alipeleka picha zote kwa watu wa kalenda kama ilivyopangwa, ikiwemo na ile ya taa ikianguka. Wameichagua. Wamesema ule mstari mwembamba wa dhahabu chini ya mwamba ndio uliowapendeza zaidi, na wanauliza tumeufanyaje. Mdogo wako aliisoma barua yao mara mbili, akageukia ukutani. Nimewajibu mimi: picha hiyo haitoki. Wakitaka wachague nyingine. Yeye hataki ifutwe, mimi sitaki kuiona, basi ipo mahali, na tumeacha kuizungumzia.

Juzi nilirudi kupimwa. Honi mwenyewe alikuja kunichukua, mkewe akaketi nami, wakamwambia Mama ni picha ya mgongo. Daktari alipitisha kile chombo tumboni akawa anatazama kioo chake kwa muda mrefu, kimya, uso hauonyeshi kitu. Nilishika ukingo wa kitanda. Mwaka juzi kimya kilikuwa kama hichohicho, na baada yake unajua kilichofuata. Kisha akakigeuza kioo nione. Moyo unapiga, Wifi. Mdogo, wa haraka, lakini unapiga. Pembeni pana damu iliyoganda, na hajaniahidi chochote. Amesema nilale, tungoje mwezi wa tatu wa mimba uishe, na kila siku inayopita ni faida.

Nilimletea mdogo wako picha ya mtoto waliyonichapia kwenye karatasi. Akaikagua huku na huku kama anavyokagua kazi ya wenzake. "Ina chembechembe," akasema. "Na mwanga umewekwa vibaya." Halafu akaiweka juu ya uso wake, akabaki hivyo, nami nikajifanya napanga mito.

Kwa hiyo hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Naogopa. Naogopa nikienda msalani, naogopa nikicheka sana, naogopa kupanga jina. Ninaomba, kama kazi itakuruhusu, uje. Usilete chochote, njoo tu wewe. Nakuomba nikijua nauli si mchezo na pacha wana shule.

Nilikuwa nimefika hapa Mama akaingia na chai. Nikaificha barua chini ya shuka, lakini wino ulikuwa bado mbichi kidoleni. Hakuuliza. Aliweka chai, akaichukua miguu yangu mmoja mmoja, akaipandisha juu ya mto wake wa kulalia, akanifunika tumbo kwa kanga, taratibu, na mkono wake ukakaa pale kidogo.

"Mwandikie Dada yenu aje," akasema. "Mimi peke yangu siwezi kuwauguza watatu."

Watatu, Wifi. Mdogo wako alikuwa amejifanya amelala, na sasa anatikisika kitanda kizima, sijui kama anacheka au analia, na namwogopea zile mbavu.

Nisalimie Shemeji, mwambie dua zake tunazihitaji. Wabusu Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo, na yule jirani yako Mama Maua aliyenitumia uzi usimsahau. Mama anakubariki, na mimi naungana naye: Mungu akulinde kazini na njiani, akulaze salama, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi, wifi yako anayekupenda na anayekungoja,
Mke wa Mdogo Wako